Duka la Mkate la Palermo na Mdomo wa Ndege

Katika mji wa Palermo, ulio mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia huko Italia, pana kiwanja kidogo mbele ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kanisa hilo ni la kale sana. Lilianza kujengwa katika karne ya 13. Mkristu atokaye Misa, akiinua macho, huona mbele yake mlango wa duka moja la chakula. Jina lake ni Antica Focacceria San Francesco, ndiyo kusema Duka la Kale la Mkate la Mtakatifu Fransisko. Lilifunguliwa mwaka wa 1834, nalo likashikwa na jamaa moja kwa vizazi vitano.

Duka hilo halikupata sifa kwa vyakula vya wafalme. Sifa yake ni mkate mdogo wa mviringo, wenye ufuta juu na nyama ndani, ambao mtu huula akiwa amesimama. Leo twapenda kuwasimulia habari za mkate huo, za jamaa iliyoupika, na za wateja ambao tangu zamani hawakuweza kupatana. Mwishoni tutarudi kwetu Goma, maana kisa hiki cha mbali kina ndugu yake hapa nyumbani.

Chakula cha maskini

Mkate huo watu wa Palermo huuita katika lugha yao pani ca meusa, maana yake mkate wenye wengu. Msishangae. Wengu ni kile kiungo chekundu kilicho karibu na tumbo la mnyama, ambacho wachinjaji wengi hukitupa au kuwapa mbwa. Mpishi wa Palermo hatupi. Huchukua wengu na mapafu ya ndama, huvichemsha, huviacha vipoe, kisha huvikata vipande vyembamba kama majani. Mteja akifika, vipande hutiwa katika mafuta ya moto ya nguruwe, huchotwa kwa uma, hukamuliwa kidogo, na kuwekwa ndani ya mkate.

Husimuliwa kwamba desturi hii ilianza na Wayahudi waliokaa Palermo katika karne za kati. Wengi wao walikuwa wachinjaji. Dini yao haikuwaruhusu kupokea fedha kwa kazi ya kuchinja; kwa hiyo walipewa matumbo na viungo vya ndani kuwa ujira wao. Ili wapate fedha, walivipika na kuwauzia Wakristu pamoja na mkate. Mwaka wa 1492 mfalme wa Spania, ambaye alitawala Sisilia pia, aliamuru Wayahudi wote waondoke. Waliondoka kweli, kwa machozi mengi. Lakini chakula chao kilibaki, na waliowafukuza wakaendelea kukila. Ndivyo ulimwengu ulivyo: mara nyingi tunakula kazi ya mikono ya watu tuliowadharau.

Tena yasemwa kwamba mtu aliyefungua duka letu, Antonino Alaimo, alikuwa mpishi katika nyumba ya mkuu mmoja, na kwamba mahali alipoweka jiko lake palikuwa zamani kikanisa kidogo. Yeye hakufuata mapishi ya bwana wake. Alifuata njaa ya watu wa njiani: wachukuzi wa mizigo, mafundi, wavuvi, wanawake watokao sokoni. Hao walitaka chakula cha moto, cha bei ndogo, chenye kushibisha. Mwenye kujua njaa ya jirani yake hakosi kazi.

Wateja wasiopatana

Ugomvi wa kwanza wa wateja ni juu ya ndoa! Naam, maana mkate huo una namna mbili. Namna ya kwanza huitwa schietta, yaani msichana asiyeolewa. Huo una nyama tu, pengine na limau lililokamuliwa juu. Namna ya pili huitwa maritata, yaani mwanamke aliyeolewa. Huo hutiwa jibini laini jeupe, na juu yake vipande vya jibini kavu lenye ladha kali. Wengine husema kwamba weupe wa jibini ni kama vazi la bibi arusi.

Wazee wa upande wa msichana husema kuwa nyama njema haihitaji pambo, na mwenye kuifunika kwa jibini anaficha kitu. Wa upande wa bibi arusi hujibu kuwa nyama peke yake ina ukali, na jibini huituliza, kama vile ndoa njema inavyotuliza moyo wa kijana. Mabishano haya hayana hakimu, wala hayajapata kumwaga damu.

Ugomvi wa pili ni juu ya wengu wenyewe. Mgeni atokaye mbali, akiisha kuambiwa ni nyama gani, mara nyingine huweka mkate chini na kuomba maji. Mwingine huula wote na kuagiza wa pili. Kwetu pia ni vivyo hivyo: nani hajaona mgeni akikimbia sahani ya senene ambayo watoto wetu huigombea? Ulimi wa mtu umesomeshwa na mama yake, na shule hiyo haisahauliki upesi.

Ugomvi wa tatu ni wa fedha. Palermo ina wauzaji wengi wa mkate huo barabarani, wenye kigari na sufuria moja. Kuna wateja wasemao kwamba mkate wa kweli ni ule wa njiani, ulioliwa katikati ya moshi na makelele, na kwamba duka lenye meza na wageni wa nchi za nje limesahau asili yake. Wengine hujibu kwamba mahali safi, penye jina la miaka karibu 200, panastahili bei yake. Nasi twafikiri kuwa pande zote mbili zina sehemu ya haki. Lakini ngojeni, maana ugomvi wa nne haukuwa wa mzaha.

Kulowesha mdomo

Katika Sisilia, tangu karne ya 19, kuna chama cha siri cha wanyang'anyi kiitwacho Mafia. Mojawapo ya njia zake za kupata fedha ni kuwatoza wenye maduka. Mtu mmoja, mwenye nguo nzuri na maneno ya upole, huingia dukani na kusema: Bwana, mtaa huu una hatari, ukitoa kitu kidogo kila mwezi, hutapata matata. Mwenye duka hufahamu mara moja kwamba hatari na msemaji ni kitu kimoja. Asipolipa, usiku kufuli yake hutiwa gundi ili isifunguke. Akizidi kukataa, duka huchomwa moto. Akizidi tena, huuawa.

Malipo hayo huitwa pizzo. Neno lenyewe katika lugha ya Sisilia lahusu mdomo wa ndege. Kumlipa jambazi ni kumruhusu aloweshe mdomo wake katika kikombe chako. Ndege anywaye tone moja haonekani kuwa mwizi. Lakini ndege huyo hurudi kila mwezi, na kila mwezi mdomo wake hurefuka, mpaka siku moja kikombe ni chake na wewe ndiwe mgeni.

Ubaya mkubwa wa pizzo si fedha zenyewe. Ubaya ni kwamba huwafundisha watu wote kunyamaza. Baba hulipa na kumficha mkewe. Jirani hulipa na kumficha jirani. Watoto hukua wakijua kwamba kuna bwana mwingine juu ya sheria, na kwamba mwenye akili ni yule asiyeona wala kusikia.

Wako waliothubutu kukataa. Mwaka wa 1991, mwenye kiwanda kimoja cha nguo huko Palermo, Libero Grassi, aliandika barua katika gazeti akiwaambia wanyang'anyi mbele ya watu wote kwamba hatawalipa. Wenye viwanda wenzake hawakusimama pamoja naye. Tarehe 29 Agosti mwaka ule ule alipigwa risasi njiani, karibu na nyumba yake. Mwaka wa 1992 wakauawa kwa mabomu mahakimu wawili hodari, Giovanni Falcone na Paolo Borsellino. Tarehe 9 Mei 1993, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipozuru Agrigento katika kisiwa hicho, aliinua sauti yake akawaamuru watu wa Mafia waongoke, kwa maana siku moja hukumu ya Mungu itafika.

Miezi minne baadaye damu ya padri ikamwagika. Padri Pino Puglisi alikuwa paroko wa mtaa wa Brancaccio, mtaa wa maskini katika Palermo. Hakuwa na silaha wala cheo. Alifungua nyumba iliyoitwa Baba Yetu, akawakusanya vijana ili wajifunze na kucheza, badala ya kutumwa na majambazi. Kazi hiyo iliwaudhi wakubwa wa Mafia kuliko bunduki za polisi, kwa sababu iliwanyang'anya watumishi wa kesho. Wakamwua mlangoni pake tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza umri wa miaka 56. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 25 Mei 2013, katika mji wake mwenyewe.

Kidole mahakamani

Sasa twarudi katika duka letu. Mwaka wa 2005 mwenye kulisimamia alikuwa Vincenzo Conticello, wa kizazi cha tano cha jamaa ile. Siku moja mjumbe wa wanyang'anyi alimjia na kudai fedha. Conticello hakulipa. Alikwenda kwa askari akawaeleza yote. Askari wakachunguza, wakawakamata watu.

Kushitaki peke yake hakukutosha. Ilibidi ashuhudie mahakamani, na adui zake wakiwapo. Katika mwezi wa Septemba 2007 hakimu alimwuliza kama anawaona katika chumba kile watu waliomtishia. Akainua mkono, akawaonyesha kwa kidole. Wasomaji wetu wafikiri kidogo uzito wa kidole kile. Katika kisiwa ambamo kwa miaka mingi mashahidi walisema hawakuona kitu, mpika mkate alisema: Ni huyu. Kabla ya mwaka kwisha, watu watatu walihukumiwa kifungo cha miaka mingi.

Siku ile hakuwa peke yake. Miaka mitatu kabla yake, mwaka wa 2004, vijana wachache wa Palermo walikuwa wamebandika usiku vikaratasi katika mitaa, vikisema kwamba taifa zima lilipalo pizzo ni taifa lisilo na heshima. Toka hapo walianzisha chama, wakakiita Addiopizzo, yaani Kwaheri Pizzo. Mwaka wa 2006 walitoa orodha ya maduka yaliyoahidi kutolipa, nao watu wengi wakaahidi kununua katika maduka hayo. Mwanzo yalikuwa maduka mia moja hivi. Miaka ilivyopita yakazidi elfu moja. Kesi ya Conticello iliposikizwa, vijana walikwenda mahakamani wakakaa nyuma yake, ili ajue kwamba nyuma ya kidole chake kuna mkono.

Wazee wetu wamesema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Libero Grassi alikuwa kidole kimoja. Conticello alipata vidole vingine. Tofauti ya vifo na uzima, mara nyingi, ni hiyo tu.

Hukumu ya wateja

Je, wateja walisemaje? Hapa ndipo ugomvi wa nne. Si vigumu kufahamu ya kuwa mioyo iligawanyika. Tangu alipokataa, Conticello aliishi akilindwa na askari usiku na mchana. Mtu aendaye kula hutafuta raha, na haimpendezi kila mtu kutafuna mkate karibu na bunduki. Mwenye woga huwaza: Je, bomu likitupwa siku niliyokuja na watoto wangu? Mwingine huwaza: Kama huyu amekataa, jirani zake wanaolipa wataonekanaje? Na mwenye kuaibishwa na wema wa mwenzake mara nyingi humchukia.

Lakini wako waliokuja kwa sababu hiyo hiyo. Walikuja kula wengu hata kama wengu hawaupendi! Walifahamu kwamba fedha waliyoitoa mfukoni ilikuwa sauti, na kwamba ingawa hawawezi kusimama mahakamani, waweza kusimama mbele ya meza ya mpishi na kusema: Nipe mkate mmoja, bibi arusi au msichana, yote sawa.

Hatusemi kwamba mambo yaliishia kama hadithi za watoto. Mwaka wa 2013 sehemu kubwa ya duka ilinunuliwa na kampuni kubwa ya vitabu, Feltrinelli, na Vincenzo Conticello aliacha kazi ya wazee wake. Basi watu wakabishana tena. Wako wasemao kuwa duka likitoka katika mikono ya jamaa limepoteza roho yake. Wako wajibuo kuwa mtu aliyebeba mzigo huo kwa miaka ana haki ya kuutua, na kwamba jiko linalowaka ni afadhali kuliko majivu. Sisi hatumhukumu. Msalaba unaonekana mwepesi ukiwa begani mwa mwingine.

Kijana wa Goma

Tulipowasimulia wanafunzi wetu habari hii, mmoja wao alinyosha mkono akasema: Bwana Mwalimu, si afadhali angelipa kidogo, akaishi kwa amani? Wenzake wakagawanyika papo hapo, nusu huku na nusu kule, kama wateja wa Palermo. Hatukumkemea. Swali lake ni swali la kila nyumba. Nani kati yetu hajaombwa kitu kidogo ili karatasi yake ipite, ili mzigo wake ufunguliwe njia, ili jina la mtoto lionekane katika orodha? Ndege wa Palermo ana ndugu zake katika Kivu.

Tuliwajibu kwa kuwasimulia habari ya kijana mmoja wa mji wao. Mwaka ule ule wa 2007, ambao Conticello alinyosha kidole chake mahakamani, Floribert Bwana Chui alikuwa Goma. Alizaliwa humo mwezi wa Juni 1981, akasoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Alikuwa mshiriki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, naye aliwapenda watoto wa barabarani, wale tuwaitao maibobo. Aliwasaidia wasome na kula. Ikafika mpakani shehena ya chakula kilichoharibika. Wenye mali walitaka kipite, nao walikuwa tayari kumpa fedha. Akakataa. Hakutaka watu wa mji wake wauziwe sumu, na yeye Mkristu awe amepokea bei yake. Katika mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana huko Kinshasa mwezi wa Februari 2023. Tarehe 15 Juni 2025, Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Tazameni, ndugu wasomaji, namna mambo haya mawili yanavyofanana. Huko Palermo mkate, huku Goma shehena ya chakula. Huko mpishi, huku karani mpimaji. Wote wawili waliombwa neno dogo tu: ndiyo. Mmoja aliishi kwa sababu askari, mahakimu na vijana walimzunguka. Mwingine aliachwa peke yake usiku. Mungu amempa taji, lakini sisi tusijisifu kwa taji lake kama hatujiulizi ni nani alipaswa kusimama karibu naye.

Kwa hiyo tulimrudia yule mwanafunzi, tukamwambia: Mwanangu, amani unayoilipia kila mwezi si amani, ni kodi ya nyumba ya woga. Tena si kila mtu ameitwa kufa kama Bwana Chui, wala kunyosha kidole mahakamani. Lakini kila mtu ameitwa asimwache peke yake anayekataa. Mama akijua kwamba muuzaji fulani sokoni hapunji vipimo wala hachanganyi unga na vumbi, anunue kwake, hata akitembea hatua mia zaidi. Baba akisikia kuwa karani fulani hapokei rushwa, amsalimu kwa heshima mbele za watu. Wanafunzi wakimwona mwenzao amekataa kununua maswali ya mtihani, wasimcheke. Hayo ni mambo madogo, lakini ndiyo vidole vinavyofanya mkono.

Kila siku twamwomba Mungu katika sala ya Baba Yetu atupe mkate wetu. Ni mkate wetu kweli ukiwa haukulowa machozi ya mwingine. Kuhusu jibini, msomaji achague mwenyewe: msichana au bibi arusi. Katika shule yetu, baada ya mabishano marefu, bibi arusi alishinda kwa kura tatu. Na yule mwanafunzi aliyeuliza swali alikaa kimya kitambo, kisha akauliza lingine: Bwana Mwalimu, siku ile, ni nani aliyekaa karibu na Bwana Chui?

Swali hilo twawaachia ninyi.